Pampu Iliyochoshwa na Radi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza, mwanangu, nikiwa kijana mtunza pampu pale Heru Juu. Jana yake radi ilikuwa imepiga karibu na kisima cha bondeni. Tulikuwa na visima viwili vikijaza tangi moja, lililohudumia kijiji na zahanati. Mhandisi wetu, Mama Rehema, mwenyeji wa Tanga, alinikuta nafuta matope kwenye swichi.

"Pampu ya bondeni ikoje?"

"Nzima, mama. Inatoa maji."

"Kama ya mwaka jana?"

Akanipeleka kwenye tangi, tukatazama maji yakipanda. Zamani lingejaa kabla ya adhuhuri. Siku ile hata nusu halikufika. Akapima nyaya, akatikisa kichwa.

Alinieleza taratibu, na upole ule naushukuru mpaka leo. Mashine haina hali mbili tu, uzima na kifo. Katikati kuna kuchoka, na kuchoka zaidi. Kila radi huishusha kidogo, na ikishachoka, hata radi ndogo ambayo pampu mpya ingeistahimili huimaliza.

"Radi itapiga lini, hatujui," alisema. "Itaikuta pampu katika hali gani, hilo liko mikononi mwetu."

Akaamua ing'olewe, ipelekwe Kasulu mota yake ikasukwe nyaya mpya. Kina mama wakaja juu.

"Mnang'oa pampu inayotoa maji?" aliuliza Bibi Nyamwiza, ambaye kijiji kizima kilimsikiliza. "Foleni ya maji mtapanga ninyi?"

"Nitapanga nanyi, bibi," alijibu Mama Rehema.

Na kweli alikuja na ndoo yake, akasimama na wenzake mpaka pampu iliporudi.

Mvua kubwa ziliposhika, mke wangu alikuwa zahanati, uchungu wa mtoto wetu wa kwanza umemkaza. Radi ikapasua, na pampu ya pili, ile ambayo hatukuigusa, ikanyamaza moja kwa moja. Nilitelemka bondeni mbio, nikawasha ile iliyosukwa. Ikanguruma! Nilipofika zahanati, mkunga alikuwa ananawa bombani na binti yangu analia kwa nguvu. Bibi Nyamwiza, aliyekuwa amemshika mke wangu mkono, akaniambia, "Yule mama wa Tanga, mpe asante yangu." Nililia, mwanangu, sioni haya kusema.

Sasa wewe umeajiriwa kwenye visima vya Nduta, na watu wengi wanakunywa kwa mkono wako. Usiridhike kuambiwa kitu kinafanya kazi. Uliza kinafanya kwa kiasi gani, na kimepigwa mara ngapi. Kipumzishe na kukitengeneza kingali na nguvu, hata kama watu watanung'unika. Nao wanaonung'unika, simama nao foleni. Hata wewe mwenyewe ukichoka, sema mapema.

Imana, Mungu wetu, akulinde na radi za huku kwetu, akupe wakubwa wenye subira kama niliyempata mimi, na maji yasikauke popote utakapopita.