Ndugu, Saa Ngapi?

Sebastiani aliiona saa yake kwenye mkono wa mtu mwingine, pale gulioni Same, mwaka mmoja baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, watake wasitake. Kioo kilikuwa na ufa ule ule pembeni. Mkanda ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, alioushona mwenyewe kwa uzi wa katani. Saa ilimdondoka kutoka juu ya lori siku ya kuhamia Maore.

Tuseme ukweli: saa ile ilikuwa mfu. Ilikata roho miaka michache baada ya Uhuru, mishale ikagandia saa nne na robo, na fundi akaikataa. Sebastiani aliendelea kuivaa. Alikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, hana mke wala jamaa, na Wapare walikuwa na lugha yao ya Kichasu na misiba yao. Lakini mwenye saa hapitwi hivi hivi. "Ndugu, saa ngapi?" walimwuliza njiani. Naye hutupia jicho jua, kisha mkono, akatamka kwa sauti ya karani. Hapo watu husimama kidogo, wakaulizana habari za mvua. Ilipopotea, hata salamu zilipungua. Siku zilipita bila yeye kusikia jina lake likitajwa, na upweke ukamuuma kuliko homa.

Leo ni leo, akajiambia, saa yangu naichukua. Akamwendea yule mtu, mzee wa rika lake, aliyekaa peke yake juu ya gogo mlangoni pa ghala la ushirika.

"Ndugu," alianza, akakosa pa kuanzia. "Saa ngapi?"

Uso wa yule mtu ukachangamka. Akatupia jicho jua, haraka haraka, kisha mkono, kiganja kimefunika kioo. "Saa nane kasorobo! Unatoka wapi, ndugu? Maore? Mvua imenyesha huko? Mimi Eliamini, mlinzi hapa. Kwetu Bombo, ila sina mtu tena huko. Kaa basi. Una haraka gani?"

Kiganja kilipoondoka, Sebastiani aliiona mishale. Saa nne na robo. Akayaacha maneno aliyokuja nayo, kwa maana aliijua haraka ile ya kuongea. Akiichukua saa, hakuna mtu atakayesimama kuongea na huyu. Akiiacha, ni yeye Sebastiani atakayeendelea kupitwa.

"Saa nzuri," alisema.

"Niliiokota barabarani. Mwenyewe hajatokea mpaka leo."

"Hatatokea," Sebastiani alijibu. Alitaja jina lake, akakaa mpaka lori la Maore lilipopiga honi.

Gulio lililofuata alishuka tena Same, hana cha kuuza wala cha kununua. Akaenda moja kwa moja mlangoni pa ghala.

"Ndugu, saa ngapi?"

Eliamini hakuangalia jua wala mkono. Alisogea kumpisha nafasi kwenye gogo.

"Umechelewa, Sebastiani," alisema.