Fundi wa Kuua Injini

Verlon Tackett alikuwa fundi wa injini tangu ujanani, na kiangazi kile cha mwaka 2009, katika mji wao mdogo wa Ohio, serikali ikampa kazi ya kuziua. Ndiyo, kuziua. Unaleta gari lako la zamani linalokunywa mafuta kupita kiasi, serikali inakuongezea hadi dola elfu nne na mia tano ukanunue jipya, mradi lile la zamani lisirudi tena barabarani. Na ili lisirudi, fundi anamwaga oili yote, mahali pake anatia maji ya kioo, dawa inayoganda ngumu kama kioo ikipata moto, halafu anakanyaga mafuta mpaka injini inoki, yaani ikwame isizunguke tena. Kuua kitu kizima, jamani! Mimi mpaka leo hainiingii akilini. Lakini Verlon hakuwa na ubavu wa kulalamika. Msimu wa baridi duka la magari alikofanya kazi lilikuwa limemwachisha, akakaa nyumbani akila akiba yake kidogo kidogo, na ni mpango huu uliomrudisha gerejini, yeye na wauzaji wote.

Ijumaa moja ya Agosti likaingia gari kubwa jekundu la mwalimu mstaafu aitwaye Haldane. Verlon alilijua vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyelihudumia miaka yote. Injini yake ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Na nje, kwenye benchi karibu na mlango wa gereji, alikaa Opal, binti wa marehemu dada yake, akilikodolea macho gari lilelile.

Opal alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wazee katika mji wa pili, aanze Jumatatu alfajiri. Basi la kwenda huko hakuna. Gari lake lilikuwa limekufa wiki iliyotangulia, na gari lisiloweza kutembea lenyewe halipewi ruzuku hata senti. Mfukoni alikuwa na dola elfu moja na mia tano. Mwaka jana tu, pesa hizo zingempatia kigari cha kumfikisha kazini. Sasa yadi za magari ya mitumba zilikuwa tupu, maana magari ya watu wa hali yake yote yalikuwa yakiletwa kwa Verlon kunyongwa.

"Njoo Ijumaa," Verlon alikuwa amemwambia kwenye simu. "Kuna jekundu moja linakuja. Niachie mimi."

Domo hilo! Alisema hivyo bila kujua atafanyaje.

Alianza na mwenye gari. "Mwalimu, kwa nini usimuuzie mpwa wangu? Ana elfu moja na mia tano, taslimu."

Haldane akajikuna shingo. "Serikali inanipa mara tatu ya hizo, Verlon. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Verlon akaingia gerejini.

Huko meneja, Curtis Blevins, alikuwa anamngoja na wauzaji wawili wenye kofia mkononi. Walikuwa na mchezo wao tangu mpango uanze. Kila mtu anatia dola kwenye kofia na kukisia injini itadumu muda gani.

"Hii inakata roho kabla sijamaliza donati yangu," mmoja akasema.

"Thubutu! Hiyo itakuzika wewe," mwenzake akamjibu, wakacheka.

Verlon hakucheka. Alimwaga oili kwenye karai, akainua boneti, na nyuma ya boneti hiyo akayamimina maji ya kioo kwenye karai lilelile la oili chafu. Akaingia ndani, akawasha. Kwa mkono wa kushoto akapapasa chini ya dashibodi, akachomoa fyuzi ya pampu ya petroli. Injini ikakohoa, ikazimika. Wakidhani imekufa, baadaye angeirudishia oili ampe Opal gari.

"Imekwenda," akasema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Wauzaji wakapiga makofi. Curtis hakupiga. Kabla ya kuvaa tai, Curtis naye alishika spana miaka mingi. Alisogea, akapitisha mkono dirishani, akapiga stata. Injini ikazunguka, laini, bila kukwama popote.

"Injini iliyonoki haizunguki, Verlon."

Akawatoa wauzaji nje. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Unataka kutuua? Wakaguzi wakilikuta hili, faini yake inafunga duka. Watu thelathini wanakula hapa. Wewe ukiwemo."

"Ni mtoto wa dada yangu, Curtis. Bila gari, Jumatatu kazi inampotea."

"Najua. Na mimi naumia. Tia."

Verlon akachukua maji ya kioo mengine, akatia. Akarudisha fyuzi, akawasha, akakanyaga. Injini ikanguruma dakika baada ya dakika, ikagoma kufa. Donati ililiwa ikaisha. Harufu ya chuma kinachoungua ikajaa gereji, na Opal akatokea mlangoni.

"Mjomba, zima!"

Curtis akamshika bega. Verlon akatazama mbele.

"Mjomba, nakuomba! Zima!"

Lakini kuzima kungefaa nini? Kioo kilikuwa kimeshaingia kwenye kila kiungo. Akakanyaga hadi mwisho. Chuma kikapiga ukelele, gari zima likatikisika, kisha kimya. Verlon alibaki amekanyaga vilevile, akijichukia.

Curtis si mtu mbaya, tuseme kweli. Alimpa Opal kitambaa afute machozi. "Usilie, binti. Njoo ndani tuzungumze. Mapya yapo."

Opal angefanya nini, na Jumatatu ndiyo hiyo? Aliporudi gerejini hakuweza kumtazama mjomba wake.

"Wamekubali nichukue dogo la bluu. Pesa yangu ni malipo ya kwanza, halafu kila mwezi, miaka sita."

"Kila mwezi kiasi gani?"

Akataja. Ilikuwa karibu nusu ya mshahara ambao hajaupata bado.

"Wanataka mdhamini, mjomba. Mtu mwenye kazi, atakayelipa nikishindwa."

Verlon akafuta mikono, akaingia ofisini, akatia sahihi. Curtis akampa mkono wa hongera.

Jumatatu Opal alifika kazini mapema, na siku hiyohiyo mpango wa serikali ukafungwa. Septemba ukumbi wa magari ukawa kimya. Kila mwenye nia ya kununua gari, la mwaka ule au la mwaka wa pili, alikuwa ameshanunua Agosti. Wauzaji wakaondoka kwanza. Kisha Curtis akamwita Verlon ofisini, akafunga mlango, akamwambia akusanye vifaa vyake.

Verlon akafika mlangoni, akageuka. "Na ule udhamini?" akauliza.

"Ule uko palepale," Curtis akasema.