Punda Aliyekataa Maji

Mtu humwachaje mnyama wake kwa mwenzake bila kusema kwamba ameng'atwa na mbwa? Mpaka leo najiuliza.

Nyumbani kwangu Bariadi nina zizi ambamo wenye mikokoteni huacha punda wao siku za mnada. Mkulima mmoja wa pamba kutoka Zagayu alimwacha wake wiki nzima. Punda huyo alipoanza kutokwa udenda na kukataa maji, nilidhani gunzi la mahindi limemkwama kooni, nikaingiza mkono mtupu kinywani mwake na kupapasa. Sikupata kitu.

Mwenyewe alipokuja jioni, nilimuuliza kuhusu kovu nililoliona mguuni mwa punda.

"Mbwa tu, mayu," alisema, akiniita mama kwa lugha ya kwao. "Tulipaka majivu ya moto, pakapona."

"Huyo mbwa yuko wapi, baba?"

"Alikufa. Alikuwa anang'ata hata miti." Akacheka. "Msomi mzima unaogopa udenda wa punda?"

Kidoleni nilikuwa na mchubuko wa jembe, na nilijua kwamba kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba. Niliosha mkono kwa sabuni tena na tena. Kila nilipomeza maji, nilijipima kama yanapita.

"Kesho tunakwenda hospitali wote," nilimwambia. "Na wewe umemshika."

Aliacha kucheka.

Kulipokucha nilifunga zizi kwa kufuli, nikampigia simu daktari wa mifugo, kisha mimi na mkulima yule tukaketi kwenye benchi la hospitali hadi nilipoitwa, nikanyoosha mkono kupokea sindano ya kwanza ya chanjo.