Nilipima Mimba kwa Mashine ya Kukagulia Tangi la Gesi

Nimekosa, na simsingizii shetani. Shetani mwenyewe nadhani angeona haya. Jina langu silitaji kwa sababu Pongwe ni padogo na wakwe zangu wanasoma kila kitu.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mishono ya kuchomelea kwenye matangi. Kuna kampuni ilikuwa inajenga tangi la gesi huku kwetu Tanga, ile gesi inayopoozwa mpaka inakuwa maji. Tangi la namna hiyo halitaki mchezo. Fundi akishachomelea, mimi napaka jeli juu ya mshono na kupitisha kidude kidogo mfano wa kizibo cha soda. Kinapeleka sauti ndani ya chuma, sauti ambayo sikio halisikii. Ikikuta ufa inarudi, na mstari kwenye kioo unaruka. Basi. Ni mistari tu, hakuna picha.

Mama mkwe wangu alikuwa hanipi uzito. Binti yake mkubwa kaolewa na mwalimu mkuu. Mimi aliniita yule wa mabati. Siku moja kwenye sherehe ya arobaini ya mjukuu wake mchanga, mgeni akaniuliza nafanya kazi gani hasa. Nikajibu kwa maringo kwamba napima kwa altrasaundi.

Mama mkwe akageuka. Nikaondolewa mkekani, nikapewa kiti na sinia ya pilau peke yangu. Pilau ile ndiyo iliyoniponza.

Jumapili yake akaniletea shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mimba ya miezi saba. Mashine ilikuwa nyumbani, maana siku za mapumziko nilikuwa naitunza mwenyewe. Neno moja la kweli lingetosha. Badala yake nikapaka jeli, nikapitisha kidude tumboni, na mstari ukaruka.

"Wa kiume," nikasema. "Na amekaa vizuri."

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mke wangu alinitazama tu, akaenda zake jikoni.

Baada ya hapo sikupumzika. Walikuja wajawazito mpaka kutoka Tongoni. Mzee mmoja alileta mbuzi anayekohoa. Jirani akaja na fenesi, anataka kujua kama limeiva ndani. Jamani, nikalipima! Na kusema kweli, katika vyote nilivyopima, fenesi ndilo pekee nililopatia, tena kwa kunusa.

Jeli ya kampuni ikaisha. Kuomba nyingine kungeleta maswali, kwa hiyo nikachemsha bamia, nikachuja ute wake, nikaujaza kwenye chupa na kwenda nao kazini.

Kule juu ya jukwaa jua lilikuwa kali. Ute ulikauka kabla sijapitisha kidude, na mstari haukuruka. Usiporuka, ama chuma ni kizima, ama sauti haikuingia kabisa. Nilijua ni ipi. Nikasaini mishono kumi na mmoja kuwa ni mizima.

Injinia wetu alikuwa mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, Mlutheri mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Asubuhi moja alikuta sisimizi wamejipanga kwenye mshono wangu. Akabandua kitu kwa ukucha, akaniita.

"Hii ni nini?"

"Mbegu ya bamia, mama."

Akaiweka mbegu ile juu ya karatasi niliyosaini. Kisha akaagiza mishono yote niliyosaini ikaguliwe upya na mtu mwingine. Katika mmoja walikuta ufa mrefu kama kiganja changu. Gesi ingejazwa humo, na chini ya tangi lile wanashinda watu wanaonisalimia kila siku.

Nikiwa bado nimesimama ofisini kwake, mke wangu akapiga simu. Shemeji kashikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Tangu siku ile nilipompima, hakukanyaga kliniki tena. Kila alipohimizwa alijibu kwamba shemeji yake ameshampima. Kumbe mtoto alikuwa amekingama tumboni.

Walimfanyia upasuaji. Wamepona wote wawili, alhamdulillahi. Mtoto ni wa kike.

Nilimkuta mama mkwe kwenye benchi nje ya wodi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Halafu akaniuliza taratibu, "Baba, siku ile uliona nini hasa?"

"Sikuona kitu, mama."

"Basi ungesema hivyo."

Afadhali angenitukana.

Cheti changu kimefutwa, na siku hizi nakwangua kutu kwenye mageti ya watu. Kiti kwa wakwe sina, hata mkekani naogopa kukaa. Mke wangu ananipikia kila kitu isipokuwa bamia, na hatujawahi kulizungumzia hilo.

Ndugu yangu unayesoma, ukiulizwa jambo na hulijui, sema hulijui, hata kama wameshakupakulia. Na nyie akina mama, nendeni kliniki. Mtu akikushika tumbo na kukuambia mtoto amekaa vizuri, mwulize kwanza jana alikuwa anapima nini.