Kunde za Kibuyuni

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, hata nikiinusa leo kwenye jiko la jirani, hunirudisha Isikizya, katika kiangazi kilichofuata mvua ya mawe iliyoharibu tumbaku yetu. Mama alitupimia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, mara moja kwa siku, na chumvi aliidondosha kwa ncha za vidole. Kunde za kupanda alizihifadhi kibuyuni, zimechanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu, wala na sisi.

Jioni moja tulimkuta akiziosha. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka kijivu.

"Mgeni ni nani leo, mama?" dada yangu aliuliza kwa furaha.

"Wageni ni nyinyi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Mama watoto, hizo si mbegu?"

"Zilikuwa," mama alijibu bila kuinua uso.

Baba aliketi, akanawa mikono. Tulikula tukashiba, tukalamba vidole. Mvua ziliponyesha, majirani walipanda mashamba yao, nasi tukaenda kuwalimia kwa ujira wa unga.