Kibuyu Nilichokifungua Mara Nne

Usiku ule nililala na hasira mpaka meno yananiuma. Mchana wake nilikuwa nimefungua kibuyu cha mbegu alichoniachia marehemu Bibi, mzaa mama, nikakuta maharage karibu yote yametobolewa na wadudu. Ukishika punje, inabaki unga mkononi. Na mvua hiyo inanukia. Mbegu ile haiuzwi popote: maharage meusi yenye baka jeupe, yanavumilia udongo wetu mchovu wa mlimani bila mbolea ya dukani, yanaiva kwa kuni chache. Kijiji kizima nilikuwa nimebaki nayo mimi peke yangu.

Basi nikalala, nikamwona Bibi.

Alikuwa jikoni kwake, jiko lile lililoanguka baada ya sisi kumzika, anachekecha majivu. Jua linawaka humo ndani na wala sishangai. Maisha yake yote alikuwa akiniita mke mwenzangu, ule utani wetu wa bibi na mjukuu. Leo haniiti hivyo. Hata kichwa hainui.

"Elizabeti. Ulikifungua mara ngapi?"

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia nilifanya vilevile alivyonifundisha. Nilianika maharage mpaka punje ukiiuma inapasuka, nikayachanganya na majivu yaliyopoa, nikajaza kibuyu mpaka shingoni hewa isipate pa kukaa, nikaziba mdomo wake kwa kinyesi cha ng'ombe. Sasa wadudu wametokea wapi?

"Nimekuuliza mara ngapi."

Mara nne! Haya, mara nne. Walikuja wageni wa mradi wa kilimo na kamera zao, wakaniita mama mtaalamu, nami kichwa kikavimba, nikabandua kile kizibo niwaonyeshe. Wiki mbili baadaye wakaja wengine, nikabandua. Akaja mwenyekiti wa kijiji na watu wake, nikabandua tena. Mara ya nne hakuna hata aliyeniomba, ni mimi mwenyewe nilitaka mkwe wa jirani anisifu. Kila mara niliziba upya nikajiona nimemaliza. Kumbe dawa yenyewe ilikuwa ni kuwanyima wadudu hewa, na kila nilipobandua niliwapa pumzi. Hilo Bibi aliniambia tangu niko mtoto.

Nikamgeuzia kibao. "Na wewe je? Mbona hukuja ile mara ya kwanza ukanikataza?"

"Ningekuja ungenionyesha na mimi kibuyu."

Nataka kumjibu, lakini jiko halipo tena. Tuko bondeni kando ya kijito, kwenye kishamba cha mdogo wangu Neema, na miguu yangu imezama kwenye tope. Mwili mzima ukanichemka. Neema huyo ndiye aliyekuwa akiyacheka majivu ya Bibi, akanunua mbegu za dukani, na msimu uliofuata, kwa kuwa za dukani hazirudiwi kupandwa, hakuwa na cha kupanda. Akaja kisimani na bakuli kuniomba mbegu. Nilimrudishia bakuli lake tupu mbele ya wanawake wote, nikamwambia akaombe huko huko dukani. Tangu siku hiyo tunapishana njiani hatusalimiani.

Bibi anachokonoa udongo kwa kidole. "Zilizosalia zipande hapa."

"Kwa Neema? Sitaki! Heri nizichemshe nizile!"

"Shamba lako linategemea mvua. Hapa mtu anamwagilia kwa kopo."

"Alikucheka, Bibi! Alikucheka ukiwa hai!"

Hapo ndipo aliponitazama. Mama yangu weee, yale macho. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku niliyochoma banda la kuku.

"Alinicheka. Wewe nilikuachia mbegu uigawe, ukaifanya pambo. Nani kaiua?"

Anaondoka akikanyaga maji ya kijito, nami napiga kelele ageuke, anisikilize, aniambie walau neno moja la kunipoza. Hageuki.

Nikaamka nimekunja ngumi, nalia kwa hasira, na sijui nimkasirikie nani. Kulikuwa kumekucha. Nikamimina kibuyu chote kwenye beseni la maji, kama yeye alivyokuwa akifanya kupambanua mbegu. Mbovu zikaelea, zikajaa juu kote. Nikazikomba kwa viganja nikazitupa. Chini zilikuwa zimezama punje thelathini na saba. Nilizihesabu mara mbili, nikajitukana kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

Nikazifunga kwenye pindo la kanga nikateremka bondeni. Njia nzima nilikuwa nagombana na Bibi. Nilisema nitazitupa mlangoni nirudi. Nilisema sitampa mtu mkono.

Neema alikuwa ameketi kizingitini anapara viazi. Aliponiona hakusimama, na kisu hakukiweka chini.

"Umekuja kunicheka, Dada?"

"Bibi amenituma," nikasema. "Mbegu nimeiua. Zimebaki hizi. Amesema zipandwe kwako."

Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakamrukia.

"Alinijia mimi juzi usingizini," akasema. "Akaniamrisha nilime tuta pale karibu na maji. Nikamuuliza la nini, hakunijibu. Nilimwambia sitaki. Leo alfajiri nimelilima huku nalia, namtukana, sijui nalima la nini."

Hakunikaribisha. Alinionyesha tu kwa kidevu, na mimi nikaona tuta jipya, udongo bado mbichi, limekaa wazi linasubiri.