Mshono wa Tanga

Keti nikueleze jambo moja kuhusu kushona tanga. Juzi nilipopasha nta ya nyuki, harufu yake ilinirudisha mtaani Umoja, sebuleni kwetu, tanga kuukuu la mashua likiwa limetanda hadi mlangoni. Mama alikuwa fundi wa mahema, na mzee mmoja wa Kilifi alikuwa amemletea tanga hilo kwa basi alitie viraka.

Mama alipokwenda sokoni Gikomba na kuniachia kazi ya kushona, uzi wa nailoni uliniishia. Nikamalizia kiraka cha mwisho kwa uzi wa pamba wa kushonea sare za shule, ambao huoza upesi kwenye maji ya chumvi. Nikaupaka nta usitambulike.

Mzee alipokuja kulichukua, alipewa chai. “Jumamosi mimi na mke wangu tunaelekea Pemba,” alisema.

Nikamgeukia Mama. “Mama, kiraka cha mwisho nimekishona na uzi wa sare.”

Mama alinitazama, kisha akalikunjua tanga lote mbele ya mgeni. Akauvuta mshono, ukaachia.

“Mzee, ongeza chai,” alisema. “Huyu fundi wangu nusura awafundishe kuogelea.”

Basi kabla hujakabidhi tanga, shika kitambaa pande mbili za kila mshono, uvute kwa nguvu zako zote. Mshono ukiachia, fumua uanze upya.